Chainizi za Penina na Chumvi ya Ng'ombe

Penina alikuwa na siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine zilikuwepo, bila shaka, lakini hizo mbili ndizo alizozihesabu. Zilikuwa siku zake za zamu ya maji.

Kitongoji chao kiko nje kidogo ya Mkonze, upande ule ambao nyumba zinakwisha na vichaka vya miiba vinaanza. Mvua ikishakatika, ardhi hukauka hadi inapasuka. Kisima cha pampu ni kimoja tu. Kando ya kisima hicho kamati ya maji ilipima vijishamba kumi na viwili vya mboga. Kila kijishamba kina matuta manne. Mwenye kijishamba anapata madumu ishirini kila siku ya zamu yake. Waliokosa wameandikwa kwenye orodha, wanangoja.

Na wanangoja kwa sababu ya sheria. Mara moja kila kiangazi kamati inapita kukagua. Tuta litakalokutwa limekufa, pamoja na maji yake, anapewa wa kwanza kwenye orodha. Hakuna kubembelezana.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Anastazia, jirani yake Penina. Nyua zao zimegusana. Kuku wao hutaga popote wanapopenda, na mayai hugombewa.

Mwaka huo Penina hakutaka kupoteza hata dumu moja. Binti yake Anjelina alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza. Mimba ilikuwa na miezi sita. Kliniki walimpima wakamwambia damu yake ni kidogo. Walimpa vidonge, na muuguzi akasisitiza kwamba mboga za majani asizikose hata siku moja. Penina alimjibu muuguzi yule kwa kifua mbele kuwa mboga zipo, tena za kumwaga. Alikuwa amepanda chainizi matuta yote manne.

Wiki nne chainizi zilikwenda vizuri. Kisha jua likawa kali na upepo ukaanza kuvuma kila siku. Mchana mmoja wa zamu Penina alipita kisimani akakuta majani yote yamelala, kama nguo zilizoanguka kwenye kamba. Akashtuka. Akachota maji akamwagia. Udongo ukalowa tope, lakini majani yakabaki yamelala. Jioni yakasimama yenyewe. Kesho yake mchana yakalala tena.

Jambo hilo lilimchanganya. Aliweka kidole kwenye udongo, kikaingia mpaka fundo la pili, udongo mbichi kabisa. Maji yapo. Mche upo ndani ya maji. Mbona unaonekana una kiu?

Alimuuliza mumewe, Sostenes. Sostenes alikuwa anasuka ukindu wa kitanda, hakuinua hata macho. Alisema labda chainizi hizo hazipendi kunywa maji.

Maneno hayo Sostenes aliyasema ili aachwe na kazi yake. Lakini Penina aliyachukua akaenda nayo jikoni, akayageuza na kuyageuza. Hazipendi kunywa. Mbona jambo hilo alilijua tangu utoto?

Penina alikulia kwa wafugaji. Ng'ombe wa baba yake walipokuwa wakisusa maji, baba hakuwapiga wala hakuwabembeleza. Aliwapeleka mbugani, mahali penye udongo mweupe wa chumvi. Ng'ombe walilamba, wakalamba. Wakirudi kisimani walikunywa mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Hata sasa Penina alikuwa na nusu gunia la udongo huo nyuma ya nyumba, kwa ajili ya ng'ombe wao mmoja.

Basi Jumanne ilipofika alibeba kopo lake. Kila dumu la maji alilikorogea makopo mawili ya chumvi ile. Akamwaga kwenye mashina. Yaliyobaki akarashia majani, yalambe.

Ajabu ni kwamba baada ya siku chache majani yalibadilika rangi. Yakawa kijani kilichokolea, karibu na weusi. Watu wa vijishamba vya jirani walisimama kutazama. Mwenyekiti wa kamati, mzee Ebenezer, naye alisimama akauliza Penina ametia nini. Penina akacheka tu, akasema ni dawa ya nyumbani kwao.

Ijumaa akatia tena. Jumanne ya pili akatia, na Ijumaa yake.

Hapo kingo za majani zikaanza kuwa kahawia, kama mtu amepita na kiberiti akizichoma moja moja. Penina akafikiri hazijatosheka. Jumanne ya tatu akaongeza kopo la tatu. Ijumaa alfajiri, jua halijatoka, alikuta chainizi zote zimelala. Sasa hazikungoja mchana. Na jioni hazikusimama.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane kabla ya ukaguzi.

"Jirani," Anastazia alimwambia walipokutana kwenye foleni ya pampu, "hizo chainizi umeamua kuzipika hukohuko shambani?"

"Zipo sawa. Zimechoka jua."

"Mimi sisemi kitu. Mbegu zangu zipo kwenye chupa, na chupa ipo dirishani. Nazitazama tu."

Watu wakacheka. Penina naye akacheka, kwa sababu angefanyaje? Lakini njiani dumu lilikuwa zito kuliko siku zote. Kila mtu alimpa shauri lake. Mmoja alisema aongeze maji. Mwingine alisema apunguze. Wa tatu alisema anunue mbolea ya kupulizia majani. Penina hakujua ashike lipi aache lipi. Usiku ule aliwaza mpaka kichwa kikamuuma.

Jumatatu bibi shamba alipita na pikipiki yake. Jina lake Sabrina, msichana wa Busi, Kondoa, hana hata mwaka tangu apangiwe kata ile. Alimwamkia Penina kwa heshima, "Shikamoo mama," kisha akachuchumaa tutani. Hakuuliza neno. Alichuma jani, akaligusisha kwenye ncha ya ulimi.

"Mama, jani hili lina chumvi."

"Ndiyo," Penina akasema. "Nimeitia mimi."

Akamweleza yote. Ng'ombe wa baba, mbuga, kulamba, kunywa. Alieleza kwa fahari kidogo, maana bado aliamini kosa lake lilikuwa kwenye kipimo tu. Sabrina alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, ingawa alikuna paji la uso mara mbili.

Alianza kumfundisha palepale. Alisema jani limejengwa kwa vyumba vidogo vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Kila chumba kina ukuta, na ukuta una milango ya namna mbili. Kuna milango ya maji. Hiyo ni myembamba mno, hupitisha maji peke yake. Tena kuna milango ya chakula, kile kinachotoka kwenye mbolea na udongo kikiwa kimeyeyuka ndani ya maji. Kila aina ya chakula ina mlango wake, na kila mlango una bawabu anayekipokea na kukiingiza.

"Bawabu," Penina akasema polepole. "Ndani ya chainizi."

"Ni mfano, mama."

"Hao mabawabu wanakula nini?"

Sabrina alisema wanatumia nguvu ambayo jani linaitengeneza kwa jua. Penina akatikisa kichwa. Milango, vyumba, mabawabu. Yeye alikuwa ameuliza habari za chainizi, sasa anajengewa nyumba ya kifahari.

Bibi shamba akajaribu njia nyingine. Alisema maji hayana akili wala hamu. Yenyewe hufuata upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Penye chumvi nyingi, maji huvutwa hukohuko.

Penina akapiga makofi. "Sasa umesema. Chumvi inavuta maji. Si ndicho nilichokifanya?"

Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli. Walitazamana, mwalimu na mwanafunzi, na kwa wakati ule ungeshindwa kusema ni nani kati yao aliyekwama zaidi.

"Mama," Sabrina akasema mwishowe, "jikoni kwako kuna chumvi ya kawaida?"

Walikwenda nyumbani. Anjelina aliwapisha jikoni, mkono kiunoni. Sabrina aliomba mabakuli mawili na bua moja la chainizi ambalo bado lina afya. La Penina halikupatikana. Ikabidi Anjelina apige hodi kwa Anastazia, aliyekuwa amenunua fungu sokoni. Anastazia alileta bua mwenyewe, na alipoona kuna jambo, akabaki mlangoni.

Sabrina alilichana bua vipande vyembamba kama vya kachumbari. Nusu akavitia kwenye bakuli la maji matupu. Nusu nyingine kwenye bakuli la maji aliyoyakoroga chumvi vijiko vitatu. Akasema sasa wanywe chai.

Wakanywa. Wakazungumza habari za Kondoa na asali yake. Penina alimtania Sabrina kwamba watu wa kwao wameshiba asali mpaka wanaona vyumba ndani ya majani. Chai ilipokwisha, kama nusu saa hivi, Sabrina akasukuma mabakuli mbele.

"Shika, mama. Anza na ya maji matupu."

Penina akashika. Kipande kilikuwa kigumu. Alipokikunja kikavunjika, pa. Akaenda bakuli la chumvi. Kipande kilikunjika kama uzi, akakizungusha kwenye kidole kama pete.

Akakifungua, akakizungusha tena.

"Ndivyo kachumbari inavyofanya," alisema. "Ukitia chumvi mapema, chini ya bakuli maji yanajaa. Siku zote nilidhani ni maji ya nyanya."

"Ni maji yaliyokuwa ndani ya vyumba," Sabrina akasema. "Mlango wa maji hupitisha pande zote mbili. Ng'ombe chumvi anaimeza, iko ndani yake, halafu ana miguu ya kwenda kisimani. Chainizi haina miguu. Chumvi umeiweka nje, kwenye udongo na juu ya jani. Nje kukawa na vitu vingi kuliko ndani. Maji yakakataa kuingia, na yaliyokuwa ndani yakatoka."

Penina alitazama bakuli. Kitu kimoja kilikuwa kimeingia kichwani. Vingine vilikuwa bado vinabisha hodi.

"Na wale mabawabu?"

Sabrina alikuwa anangoja swali hilo. Alieleza kwamba milango ile miwili hufanya kazi kwa ushirika. Bawabu akiingiza chakula, ndani kunakuwa na vitu vingi vilivyoyeyuka, na maji yanafuata kwa mlango wake. Chumba kinajaa, kinakaza kama mpira uliojazwa upepo. Vyumba vyote vikikaza, jani linasimama. Maji nayo ndiyo yanayokibeba chakula kutoka mizizini hadi kwenye jani. Pasipo maji, mabawabu wanakaa bure, hakuna kinachofika. Pasipo chakula, maji hayana cha kufuata.

Aligeuza jani lililokuwa kwenye bua lile akawaonyesha upande wa chini. Alisema hapo kuna vinywa vidogo sana, kila kimoja kina midomo miwili kama ya mtu. Asubuhi mabawabu huingiza potasi, mojawapo ya vile vyakula vya udongoni, kwenye midomo hiyo. Maji hufuata, midomo hutuna, kinywa hufunguka na jani linavuta hewa. Jua likizidi na maji yakipungua, potasi hutolewa, maji hutoka nyuma yake, kinywa hufunga. Jani linatunza maji liliyonayo. Mchana wa jua kali, jani pana kama la chainizi hulala kidogo hata kama mzizi uko kwenye udongo mbichi, kwa sababu maji yanatoka upesi kuliko yanavyopanda.

Penina alimkata kalima. "Ngoja, mwanangu. Zile siku za mwanzo. Mchana zikilala, jioni zikisimama."

"Ndiyo."

"Zilikuwa zinaumwa nini?"

"Hazikuwa zinaumwa, mama. Zilikuwa zinajilinda na jua."

Anjelina aliinamisha uso. Penina aliokota kile kipande kilicholegea, akakiweka kwenye bakuli la maji matupu, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Sabrina alimalizia habari ya kingo zilizoungua. Chumvi ile inafanana na potasi kwa sura, alisema, hivyo hujipenyeza kwenye mlango wa potasi na kuwababaisha mabawabu. Ikishaingia inabebwa na maji hadi ukingoni mwa jani. Maji hupaa hewani, chumvi hubaki palepale na kuunguza.

Dawa ilikuwa moja, maji matupu, tena mengi, ya kuisukuma chumvi chini kupita mizizi. Udongo wa pale ni wa kichanga, utapitisha. Lakini tuta moja lilihitaji madumu ishirini kwa mkupuo. Hiyo ni zamu nzima.

Penina alihesabu kwa vidole. Madumu ishirini ndiyo aliyokuwa akigawia matuta manne. Akiyagawa tena, hakuna tuta litakaloosheka. Akiyamwaga yote kwenye tuta moja, mengine yatakufa mbele ya macho yake, na kamati itayakuta yamekufa. Alimuuliza Sabrina kama akifanya hivyo zamu yake itapona. Sabrina alisema hilo hawezi kuliahidi. Anachojua ni mche, hajui kamati.

Kesho yake, Jumanne, Penina aliamka mapema. Alisimama mbele ya matuta manne kwa muda mrefu. Kisha akamwaga madumu yote ishirini kwenye tuta la kwanza, polepole, dumu baada ya dumu, maji yazame. Ijumaa akafanya hivyo kwenye la pili. Matuta mawili yaliyobaki aliyang'oa kwa mikono yake. Kila mche aliong'oa aliukung'uta udongo kama anaomba radhi.

Baada ya hapo alifuata aliyoelekezwa. Alitandaza nyasi kavu kwenye matuta yale mawili ili jua lisinyonye udongo. Alimwagilia asubuhi na mapema, akaweka kidogo akiba ya jioni. Wiki ya pili aliweka samadi iliyooza vizuri, viganja viwili tu kila mche. Mkono ulimwasha kuongeza cha tatu. Akaurudisha mfukoni.

Majani yaliyoungua hayakupona, na Sabrina alikuwa amemwambia hayatapona. Penina alitazama katikati tu, pale moyo wa mche ulipo. Siku ya saba hakuona kitu. Siku ya tisa akaona ncha ya kijani, ndogo kama ukucha wa mtoto.

Siku zote hizo, kila mchana, bakuli la majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa lilitua jikoni kwake, limefunikwa sahani. Lilitoka ua wa pili. Anastazia alilipitisha juu ya wigo, akasema ni la Anjelina, si la Penina, na mbegu zake bado ziko dirishani.

Siku ya ukaguzi mzee Ebenezer alikuja na daftari na wajumbe wawili. Watu wenye vijishamba walikusanyika, na wa kwenye orodha pia. Walipofika kwa Penina, mzee alitazama matuta mawili ya kijani, ya majani madogo yaliyokaza. Halafu akatazama matuta mawili matupu. Akatoa kalamu sikioni.

"Haya mawili yameuawa na nini?"

Penina angeweza kusema wadudu. Wadudu hawana wa kuwatetea. Alimtazama Anastazia, Anastazia akatazama kwingine.

"Niliyaua mimi, mzee. Niliyapa chumvi ya ng'ombe ili yanywe maji."

Kicheko kilichotoka hapo kilifika barabarani. Penina alikiacha kipite. Kisha akawaeleza, kwa namna yake. Aliwapa kachumbari, aliwapa vyumba, aliwapa mlango wa maji na mlango wa chakula, na madumu ishirini ya kuosha tuta. Kwenye mabawabu alichanganya kidogo, akarudi nyuma, akaanza upya. Mwisho alichuma jani changa, akakunja bua lake mbele ya mwenyekiti. Likavunjika, pa.

Mzee Ebenezer hakucheka. Alikuwa ametazama upande wa kijishamba chake mwenyewe.

"Wewe si ulisema ni dawa ya nyumbani kwenu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Yalipokuwa meusi yale, yamekolea vizuri?"

"Nilisema, mzee."

"Kopo lako nililiona lina udongo wa ng'ombe. Mimi juzi nimetia tuta moja."

Sasa watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee aliacha wamalize. Kisha akatoa uamuzi, na uamuzi ulikuwa wa sheria. Matuta mawili yaliyo hai yanabaki ya Penina, na madumu kumi kila zamu. Matuta mawili matupu na madumu yake kumi yanakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha. Baada ya kuandika hivyo alimvuta Penina pembeni, akamuuliza taratibu, hayo madumu ishirini, huyamwaga kwa mara moja au kidogo kidogo?

Chumvi iliyobaki kwenye gunia ilirudi kwa mwenyewe. Ng'ombe alilamba asubuhi, mchana akanywa ndoo nzima.

Anjelina alikuwa na chainizi zake za kila siku. Hazikuwa za kumwaga, lakini zilitosha sufuria. Alipopimwa tena kliniki, muuguzi aliangalia kadi akasema damu inapanda, aendelee hivyohivyo, na vidonge asiache.

Wiki ya tano baada ya ukaguzi, mchana, Anastazia alikuja mbio kutoka kisimani, kitenge kimemwanguka begani. Chainizi zake changa zilikuwa zimelala zote. Alikuwa na ndoo mkononi na swali mdomoni, atie nini.

"Udongo ukoje?" Penina akauliza. "Umeingiza kidole?"

"Mbichi."

"Basi usitie kitu. Weka ndoo chini."

Walikwenda wote wawili wakakaa kwenye kivuli cha nyumba ya pampu. Penina alikuwa anapepeta mtama, Anastazia alikuwa anatazama matuta bila kupepesa. Kila baada ya muda aliinuka, na kila alipoinuka Penina alimvuta kitenge akakaa. Hata Penina mwenyewe moyo haukutulia kabisa. Mabawabu alikuwa hajawaelewa wote. Jua likaelekea magharibi, kivuli kikarefuka mpaka kikagusa tuta la kwanza.

Kwenye saa kumi na moja, jani moja la pembeni lilinyanyuka kidogo. Likafuata la pili.

Anastazia akaivuta ndoo yake, akaipindua na kuikalia.